Mgahawa wa Kiitaliano Arusha: tanuri halijawashwa, lasanya ya baridi, nguruwe bila taarifa na VAT juu ya VAT

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na wala sifichi. Mgahawa uko hapa Arusha mjini, jina nalihifadhi mpaka meneja ajibu malalamiko tuliyomwandikia. Meza ilikuwa ya watu wanane, Jumapili mchana: wazee wawili, watu wazima watatu, watoto watatu. Sahani ya kwanza ilitoka baada ya dakika 20, ya mwisho saa nzima baadaye. Watoto wamemaliza wanataka kuondoka, bibi bado anaangalia uma mtupu.

Ila kuchelewa peke yake ningesamehe. Kilichoniudhi ni kwamba kila sahani ilikuwa na kosa lenye chanzo kinachojulikana, na karibu vyanzo vyote vinarudi palepale: chakula kimepikwa mapema, kimelazwa, kimepashwa, kisha kimeuzwa kwa bei ya kilichopikwa sasa hivi. Wanaofanyiwa hivyo ni familia za hapa, kwa dhana kwamba sisi hatujui pasta nzuri inakuwaje. Tunajua vizuri sana.

Tuanze na spageti. Pasta kavu inataka lita moja ya maji kwa kila gramu 100, na gramu 10 za chumvi kwa kila lita. Arusha tuko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar. Pakiti iliyoandikwa dakika 9 huku inataka 10 hadi 11, na mpishi lazima aonje mwenyewe. Zikiwa bado na ugumu kidogo katikati zinatolewa, zinamaliziwa kwenye kikaango cha sosi pamoja na upawa mmoja wa maji yaleyale yaliyozichemsha. Wanga ulio kwenye maji hayo ndio unaoifanya sosi ishike.

Zilizoletwa zilikuwa zimechemshwa mapema, zikasuuzwa kwa maji baridi, zikapakwa mafuta zisigandane. Kujua hilo si uchawi. Chota kwa uma: nyuzi zinakuja tupu, sosi inabaki kwenye sahani, pembeni kuna maji mekundu yaliyojitenga. Nyuzi zimevimba na zinakatika kabla hazijafika mdomoni. Katikati ya sahani ya mzee kulikuwa na bonge la nyuzi zilizoshikana, la baridi, limefunikwa kwa sosi ya moto. Ukishasuuza pasta umeuondoa wanga, ukiipaka mafuta ndiyo umemaliza kabisa, sosi haina pa kushika.

Na sosi yenyewe ilikuwa tamu ya sukari, imetokana na nyanya ya kopo iliyolainishwa kwa kechapu. Arusha! Nyanya za Ngarenanyuki zinashuka soko la Kilombero. Kilo moja ya nyanya zilizoiva sawasawa, punje mbili za kitunguu swaumu, vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, chumvi, nusu saa kwenye moto mdogo, inatosha watu wanne. Bei ya dola haihusiki hapo.

Pizza sasa. Menyu imeandika kwa herufi kubwa "pizza ya tanuri la kuni", na tanuri lipo, limejengwa vizuri, linaonekana kutoka kila meza. Halikuwa limewashwa. Jivu limepoa, juu yake pamepangwa maboksi ya kubebea. Pizza zilikuwa zinatoka kwenye oveni ya umeme nyuma ya pazia. Tanuri la namna hiyo linawashwa saa moja na nusu hadi mbili kabla ya oda ya kwanza, na kwa pizza ya Napoli linatakiwa lifike nyuzi 430 na zaidi, ndipo pizza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Ukingo unafura haraka na kupata madoa madogo meusi, huku katikati pakibaki laini. Ukipika pizza ileile kwenye oveni ya nyuzi 220 unahitaji dakika 10 au zaidi. Muda huo wote unga unakauka, juu jibini linatoa mafuta.

Kosa la pili ni unga kutoumuka vya kutosha. Donge la gramu 250 linataka saa 8 hadi 24 likiwa na hamira kidogo. Ukitaka liwe tayari kwa saa moja na nusu unaongeza hamira na sukari, na ndicho walichofanya: harufu ya hamira inakufikia kabla hujakata kipande, ukingo ni mweupe, mzito, unakaa tumboni mpaka usiku. La tatu ni wingi wa vitu juu. Pizza moja inataka gramu 60 hadi 80 za nyanya na gramu 80 hadi 100 za jibini lililochujwa maji. Hizi zilikuwa na sosi tele na jibini lililotoka kwenye maji moja kwa moja. Ukinyanyua kipande, ncha inaning'inia, maji yanachuruzika kwenye mkono wa mtoto. Tuligeuza kipande kimoja tukaangalia chini: hakuna hata doa la kahawia, na katikati unga mbichi unanata kidoleni. Watoto waliagiziwa margerita, yaani nyanya, jibini na majani ya basili tu. Ikaja na pilipili hoho na pilipili kali "kupendezesha".

Hili la karbonara ndilo lililonifanya nifungue uzi. Karbonara ni viini vya mayai, jibini la pekorino, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Hakuna krimu. Kwa watu wanne ni gramu 400 za spageti, viini vinne na yai moja zima, gramu 80 hadi 100 za jibini, gramu 150 za nyama. Kikaango kinaepuliwa motoni kwanza, ndipo mayai yanaingia, kwa sababu viini vinaanza kuganda kwenye nyuzi 65 hivi. Wao waliogopa mayai kuganda wakatumia unga wa ngano na maziwa, ikaja nzito kama uji wa mgonjwa.

Hata hivyo uji unalika. Menyu ilisema "beikoni", basi. Mezani kulikuwa na Waislamu. Mhudumu aliulizwa mara mbili, akajibu kwa kujiamini, "Ya ng'ombe hiyo, mama." Sahani ikiwa imefika nusu, mtu wa jikoni akaja na kusema ni nguruwe. Meneja akaona dawa ni kubadilisha sahani na kuleta soda ya bure.

Jamani. Arusha hii familia zimechanganyika, shemeji Mwislamu, mkwe Mkristo, kila Jumapili wanakaa meza moja. Mhudumu asiyejua anatakiwa kuingia jikoni, kusoma pakiti, na kurudi na jibu. Menyu inatakiwa kuandika NGURUWE kwa herufi zinazosomeka na mzee asiye na miwani. Na nyama hiyo inatakiwa iwe na kikaango chake, kisu chake, ubao wake na koleo lake, kwa sababu ukikaangia beikoni kisha ukapitishia kuku kwenye mafuta hayohayo, kuku yule naye si halali tena kwa anayejali. Tulipouliza vikaango vimetenganishwa vipi, hakuna aliyeweza kujibu.

Lasanya, ile pasta ya tabaka zenye nyama na sosi, ilikuwa inatoa mvuke pembeni, katikati baridi ya friji. Kipande chenye unene wa sentimita 5 au 6 kikitoka kwenye friji kuingia maikrowevu, mawimbi yanapenya sentimita mbili tatu tu. Pembeni panakauka na kuwa pagumu, katikati panasubiri joto litambae. Mpashaji akiona mvuke anadhani imeiva. Hapo shida si ladha tu. Nyama ya kusaga na sosi ya maziwa zikikaa kati ya nyuzi 5 na 60, bakteria wanazaliana haraka, na katikati ya chakula kinachopashwa panatakiwa pafike angalau nyuzi 74. Kipimajoto cha kuchoma jikoni si kitu cha anasa. Kama wana haraka, wakate vipande vyembamba, wafunike, waingize oveni ya nyuzi 170 na kijiko cha maji, dakika 25. Na kipande hicho cha baridi alipewa mtoto.

Tiramisu ilikuwa keki ya sponji na krimu ya kupigwa, bila maskaponi (jibini laini la krimu), na kahawa yake ni ya unga wa kukoroga. Espreso waliyouza nayo ni hiyohiyo kwenye kikombe kidogo. Moshi, kilomita 80 kutoka hapa, ndiko makao ya Bodi ya Kahawa Tanzania, na Arabika inalimwa kwenye miteremko ya Meru tunayoiona kwa macho. Kumuuzia mtu wa hapa kahawa ya kopo kwa bei ya espreso ni dharau.

Bili nimeiacha mwisho. Chini ya menyu imeandikwa bei zote zina VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Jumla ya sahani na vinywaji ni 236,000. Kwenye bili wakaongeza VAT asilimia 18, ikawa 278,480. Bili yenyewe ya kuandikwa kwa mkono. Wenye uelewa wa kodi naomba mnisaidie hapo.

Jibu la 1

Pole sana mkuu. Kuhusu sahani kuja kwa mafungu: hiyo ni jikoni kukosa mtu mmoja wa kusimamia oda. Meza ya watu wanane haipikwi kwa kufuata mpangilio wa karatasi ya mhudumu, inapikwa kwa kuhesabu kurudi nyuma. Lasanya dakika 25, inaanza. Ikibaki dakika 12, pasta inaingia majini. Ikibaki dakika 4 au 5, pizza zinatandazwa. Vyote vinakutana kaunta ya kutolea, mtu mmoja anakagua, wahudumu wawili wanabeba kwa pamoja. Pasipo msimamizi huyo kila mpishi anatoa chake kikiwa tayari, basi pizza inafika kwanza na inapoa.

Na kuhusu kuchemsha pasta mapema, migahawa mingi mizuri inafanya, ila kwa utaratibu: unaitoa ikiwa imeiva kama theluthi mbili, unaitandaza kwenye trei ipoe bila kuisuuza, unaigawa gramu 150 au 200 kila fungu, kwenye friji, inatumika siku hiyohiyo. Oda ikija inarudi kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha kikaangoni. Walioizamisha kwenye maji baridi na mafuta waliamua kukwepa kazi tu.

Jibu la 2

Mleta uzi, kwenye jibini la pizza punguza ukali. Jibini la kuagizwa nje ni ghali na linafika kwa taabu, ndiyo maana wengi wanatumia lile la mafuta ya mimea.

Mleta uzi

Ndugu yangu, ughali naukubali kwa parmijano, ambalo linakomaa miezi 12 kwa uchache na linatoka Italia peke yake. Mozarela, jibini la pizza, haikomazwi. Maziwa yanapashwa mpaka nyuzi 35 hivi, yanagandishwa, mgando unakatwa, unaachwa upate uchachu unaofaa, kisha unavutwa kwenye maji ya moto sana mpaka unang'aa. Ni kazi ya siku moja. Lita 10 za maziwa zinatoa kama kilo moja, na maziwa ya Meru na Hai yapo kila asubuhi. Na kama wameamua la mafuta ya mimea, waandike hivyo na bei ishuke. Wao wameandika mozarela na kulipisha mozarela.

Jibu la 3

Kwenye bili, hesabu iko hivi. Kama 236,000 tayari ina VAT ya asilimia 18 waliyotumia, unagawanya kwa 1.18: bei halisi ni 200,000, kodi ni 36,000. Wao wamechukua 236,000 nzima wakapiga tena asilimia 18, ndiyo 42,480 uliyolipa zaidi. Hiyo unatakiwa kurudishiwa yote.

Kubwa zaidi, bili ya mkono si risiti. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ina TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara, VRN (namba ya usajili wa VAT) kama wamesajiliwa, tarehe na saa, kiasi cha kodi, na namba ya uhakiki yenye alama ya QR ambayo unaihakiki kwenye tovuti ya TRA. Kama hawana VRN, hawaruhusiwi kutoza VAT hata shilingi moja. Kama wanayo na hawakutoa EFD, maana yake umelipa kodi na haijulikani imeenda wapi.

Rudi ukadai risiti ya EFD ya kiasi kilekile ulicholipa, usikubali ya kiasi pungufu. Kama ulilipa kwa lipa namba usifute ule ujumbe wa muamala, unaonyesha jina la biashara, muda na kiasi. Ukiwa na ujumbe huo, bili ya mkono na picha ya menyu, nenda ofisi ya TRA ya mkoa.

Mleta uzi

Ahsante sana mkuu. Menyu tuliipiga picha kurasa zote, na ule mstari wa chini wa VAT unasomeka vizuri. Ujumbe wa muamala upo. Kesho asubuhi naanzia kwa meneja, nisipopewa risiti ya 278,480 naelekea TRA.