Toyota Starlet EP82: kutoa injini ya 4E-FE (isiyo na turbo), kuweka 4E-FTE (yenye turbo) ya Starlet Glanza

Swali: Wakuu, EP82 yangu ni manyuo (gia za mkono). Je, 4E-FTE inakaa bila kukata bodi?

Jibu: Inakaa ssebo, zote ni cc 1331. Ila usinunue injini tupu pale Kisekka, soko la vipuri Kampala: chukua na kontroli boksi (kompyuta ya injini), wayaringi, intakula (kipoza hewa ya turbo), gia boksi na shafti zake. Soketi za Glanza hazilingani na za EP82, fundi waya ataziunga moja moja.

Jibu: Badilisha pampu ya petroli! Ya zamani hailishi injini ya turbo. Petroli ikipungua, pistoni zinatoboka.

Jibu: Kabla ya kuwasha, toa plagi na fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli), piga stata mpaka taa ya oili izime. Turbo kavu haidumu. Breki za gari la 4E-FE nazo ni ndogo mno kwa injini hii.