Naomba ushauri: vifaa vya hesabu kwa mdogo wangu wa sekondari

Wakuu habari zenu, mdogo wangu yuko sekondari na hesabu zinamtoa jasho, hasa grafu na trigonometria. Nataka kumnunulia kalkuleta ya sayansi ila nimekwama kati ya Casio fx-82 na fx-991, maana hiyo ya pili inatatua yenyewe mpaka milinganyo ya kipeo cha pili, sasa naogopa atazoea kubonyeza tu, halafu kuna mitihani hairuhusu. Kwenye simu nimemwekea GeoGebra, ya bure na grafu inachora vizuri kweli. Shida kubwa ni mazoezi yenye majibu ya hatua kwa hatua, sio jibu la mwisho tu. Walimu wa hesabu mliopo humu mnawapa nini wanafunzi? Na bikari isiyolegea jamani, ipo kweli?