Presi ya Mjomba imezuiwa: barua ya OCD inatosha?

Mgosi wa Makorora
Assalaam alaykum wana-Tanga wote, popote mlipo. Nipo nyumbani likizo, zimebaki siku tisa, na nimekwama. Kwenye pipa langu nilichanganya nguo, sufuria na presi moja ya kushindilia risasi, yaani ya kujaza upya maganda yaliyokwishapigwa, ile ya kichwa cha kuzunguka. Ni ya Mjomba wa Handeni. Bunduki yake ina kibali tangu mimi mdogo, nguruwe wanamla mahindi, na bei ya risasi imemshinda. Pipa lilipofunguliwa forodhani wakaona boksi lina picha ya risasi, ikawa ndiyo basi. Nguo nimepewa, sufuria nimepewa, chuma kimebaki ndani. Nimewaeleza haina baruti wala fataki (kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda), ni mkono wa chuma tu. TIN ninayo, TANSAD (fomu ya forodha) imetoka, BL (hati ya shehena) hii hapa. Jamaa wa dirisha la kwanza anasema lete barua ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Wa dirisha la pili anasema barua ya OCD haitoshi. Nani alishapitia hili?

Bint Ngamiani, Minnesota
Pole kaka. Mimi cherehani ya mama, ya kuzungusha kwa mkono, wakala mmoja (simtaji) aliiandika "mashine ya kiwanda". Nimekwenda mara sita na baiskeli ya kuazima, jua la saa saba. Mara ya saba nikaambiwa mwenye mhuri kaenda mazikoni Pangani. Nenda asubuhi, vaa vizuri, usipandishe sauti.

Fundi wa Ohio
Mgosi, kabla ya barua, nani alikushauri tareti, hiyo ya kichwa cha kuzunguka? Ninayo karakana tangu 2016, nilianza na presi ya kikalibu kimoja (kikalibu ni kile chuma cha kulipa ganda umbo). Unapitisha maganda 50 kwenye kikalibu cha kwanza, unafungua, unafunga cha pili, unaanza upya. Tareti vikalibu vyote vinakaa juu kwenye kichwa, ganda linabaki chini kwenye mshikio, kichwa kinazunguka. Tareti ya Lee Classic ina matundu manne ya vikalibu na inajizungusha yenyewe ukivuta mkono. Redding T-7 ina saba ila unaizungusha kwa kiganja. Mvuto wa kwanza unang'oa fataki kuukuu na kulibana ganda lirudi kipimo, unaisikia ile fataki ikidondoka kwenye mrija, tk! Wa pili unapanua mdomo na kutia baruti, wa tatu unakalisha kichwa cha risasi, wa nne unabana. Kazi ya mivuto inapungua mara nne.

Mzee wa Raskazone
Haipungui hata mara moja. Maganda 50 kwa mivuto minne ni mivuto 200 kwenye presi zote mbili. Unachookoa ni kuliweka ganda mara 50 badala ya mara 200. Tuwe tunahesabu kabla ya kuandika.

Fundi wa Ohio
Shikamoo mzee. Sawa, 200. Mkono wangu haujui hesabu, unajua kuchoka. Na kwa ganda refu la raifo hata mimi sitaki kichwa kizunguke, maana ganda inabidi nilipake mafuta, nilipitishe, nilifute ndipo nitie baruti. Nachomoa kile kijiti cha katikati kinachozungusha kichwa, presi inakuwa ya kikalibu kimoja. Jambo moja usilisahau: kabla ya kukalisha kichwa cha risasi, mulika tochi ndani ya kila ganda. Kila moja. Baruti ikiingia mara mbili bunduki inapasukia usoni kwako. Mimi nimeifunga taa ndogo kwenye shingo ya presi, na simu naiacha jikoni.

Kijana wa Muheza, Leeds
Baruti mtu anapima gramu ngapi?

Mzee wa Raskazone
Ndiyo maana watu wanapoteza vidole. Haipimwi kwa gramu, inapimwa kwa greni. Gramu moja ni greni 15 na ushee. Soma namba ya greni kwenye kitabu, kisha weka mzani kwenye gramu, umetia mara kumi na tano. Na kitabu kiwe cha mtengeneza baruti, si maneno ya rafiki.

Kijana wa Muheza, Leeds
Nimeuliza tu mzee wangu. Mgosi, nakumbuka sheria ya silaha ya 1991 ilikuwa inasema hivi...

Mzee wa Raskazone
Ya 1991 imekufa. Tunayo ya 2015.

Kitumbua, Texas
Nyote mnazungumzia kuingia. Kutoka je? Marekani kujishindilia risasi zako mwenyewe huhitaji leseni ya serikali kuu, ukiuza ndipo inabidi FFL, leseni ya biashara ya silaha. Lakini kusafirisha nje ni habari nyingine. Tangu Machi 2020 risasi za kawaida ziko chini ya Commerce, wizara ya biashara ya Marekani, na vifaa vya kuzishindilia viko huko huko. ECCN yake, namba ya kundi la bidhaa ya kusafirisha nje, uliitazama, mgosi? Au uliifunika kwa khanga za shangazi?

Mgosi wa Makorora
Niliifunika kwa mashuka. Sikujua hiyo namba. Leo OCD kasafiri. Ningeichukua kwenye begi la ndege yasingenikuta haya.

Kitumbua, Texas
Yangekukuta mapya. Na usije ukafikiria kumchukulia Mjomba baruti au fataki kwa ndege, havipandi hata kwenye begi la chini. Risasi iliyokamilika inaruhusiwa hadi kilo tano, tena kwa idhini ya shirika na vibali vya huku na huko. Sasa Mjomba hiyo baruti ataitoa wapi Handeni?

Bint Ngamiani, Minnesota
Haya ndiyo matatizo ya kuwa mgeni kwenu. Tungekuwa na uraia pacha mtu angesimama dirishani kama mwenye nyumba. Miaka nenda rudi tunaambiwa hadhi maalum, hadhi maalum. Hela tunazotuma nazo wazipokee kwa hadhi maalum basi.

Kijana wa Muheza, Leeds
Dada, mgosi ana pasi ya Tanzania, uraia pacha unaingiaje hapa? Muheza sasa hivi machungwa yamejaa barabarani, mimi huku nimenunua moja, limekauka kama sponji.

Fundi wa Ohio
Usinitajie. Mimi nataka mkate wa mofa na samaki wa kupaka, nikae barazani redio isome matokeo ya Coastal Union. Wagosi wa Kaya, mabingwa 1988, msisahau. Mgosi, Mjomba amehifadhi maganda yake? Atazame ndani kwa tochi. Tundu moja katikati ni sawa. Akiona vitundu viwili vidogo, aache, maana sindano ya kung'olea fataki itavunjika humo humo. Zangu mbili zimeshakufa hivyo.

Mzee wa Raskazone
Barua pepe kumi na tano na hakuna aliyeuliza bunduki yenyewe ni ya aina gani.

Mgosi wa Makorora
Shikamoo mzee. Nimempigia sasa hivi. Nimesema Mjomba, bunduki yako inakula risasi gani? Akasema, "Ya marisau, mwanangu. Kwani kuna nyingine?"

Fundi wa Ohio
Lahaula. Shotigani! Ganda la plastiki! Mgosi, hiyo presi haikai ganda la marisau, ile ina mashine yake kabisa, ya kupanga kizibo na kukunja mdomo. Umemletea Mjomba nanga ya mtumbwi.

Kitumbua, Texas
Ikitoka nauziwa mimi, nusu bei. Ila irudi kihalali.

Mgosi wa Makorora
Cheka tu. Ada ya ghala inahesabiwa kila siku, na pipa wamesema halifungwi faili mpaka hicho chuma kiondoke. Kesho saa mbili asubuhi nipo dirishani. Narudia: barua ya OCD inatosha, haitoshi?

Bint Ngamiani, Minnesota
Kaka, ukirudi nibebee ubuyu. Ule mwekundu wa pakiti ndogo.