Kinga ya mfalme iishie wapi? Tuijadili Hispania

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo moja tu: mfalme wa kikatiba alindwe asishtakiwe kwa kazi za ufalme peke yake, au hata kwa pesa anazoingiza mfukoni? Nachukua mfano wa Hispania kwa sababu huko suala hili limewafika shingoni.

Ibara ya 56 ya Katiba yao ya 1978 inasema mfalme haguswi wala hawajibiki. Msingi wake naukubali. Ukiacha uteuzi wa watumishi wa nyumba yake, mfalme hasaini jambo la serikali peke yake. Lazima waziri mkuu, waziri au spika wa Bunge aweke saini pembeni, na huyo ndiye anayebeba lawama. Mwenye madaraka anawajibika, asiye na madaraka analindwa. Sawa kabisa. Sasa akaunti ya Uswisi, waziri gani aliisainia?

Mwaka 2008 dola milioni 100 kutoka Saudi Arabia ziliingia kwenye akaunti ya benki moja ya Geneva, kwa jina la wakfu uliosajiliwa Panama, na mnufaika wake alikuwa Mfalme Juan Carlos. Mwaka 2012 euro milioni 65 zikahamishiwa kwa Corinna Larsen, mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye. Mwanamke huyo anasema ilikuwa zawadi. Mwaka huohuo, mtu mmoja kati ya wanne wanaotafuta kazi Hispania hana kazi, mfalme akavunjika nyonga Botswana alikokwenda kuwinda tembo. Alipotoka kwenye chumba cha hospitali, akiwa na magongo, alisimama kwenye korido mbele ya kamera: "Nasikitika sana. Nimekosea, na haitatokea tena." Wahispania hawakuwahi kumsikia mfalme wao akiomba radhi namna ile.

Juni 2014 aling'atuka, mwanawe Felipe wa Sita akashika kiti. Machi 2020, siku moja baada ya nchi kutangaziwa hali ya dharura ya korona, Felipe alitoa tamko kwamba anaukana urithi wowote wa baba yake wenye utata na anamkatia posho. Siku tatu baadaye alihutubia taifa kuhusu ugonjwa, na watu waliofungiwa ndani wakatoka kwenye roshani zao kugonga masufuria ili wasimsikie. Agosti mzee akaondoka nchini, ikaja kujulikana yuko Abu Dhabi.

Tuje kwenye mwisho wa kesi, maana hapo ndipo panaponiuma. Juan Carlos alilipa kodi aliyokuwa hajalipa kwa awamu mbili: euro 678,000 hivi Desemba 2020, na karibu milioni 4.4 Februari 2021. Machi 2022 waendesha mashtaka wakafunga majalada. Hawakusema pesa hazikuwepo. Sababu zao zilikuwa kwamba mengine muda wa kushtaki umepita, mengine ushahidi hautoshi, kodi imeshalipwa, na yote ya kabla ya Juni 2014 yamefunikwa na kinga. Tuhuma ya hongo dhidi yake kwenye mradi wa treni ya Makka na Madina, uliopewa kampuni za Kihispania, haikuthibitika, na simsingizii. Lakini mwananchi wa kawaida hana mlango wa nne kati ya hiyo.

Msimamo wangu: kinga ibaki kwa kazi ya kiti. Kwa mambo yake binafsi, awe sawa na raia yeyote.

Mchangiaji

Mkuu, kwa heshima, umeanza hadithi katikati. Tarehe 23 Februari 1981, Luteni Kanali Tejero aliingia bungeni Madrid na askari wake, wakafyatua risasi kwenye dari, wabunge wakalala chini ya viti. Valencia vifaru vikawa barabarani. Ilipopita saa saba usiku, Juan Carlos alitokea kwenye televisheni na sare ya jeshi, akasema Ufalme hautavumilia yeyote anayetaka kukatiza demokrasia kwa nguvu. Asubuhi jaribio la mapinduzi limekufa. Majenerali wale walikulia chini ya dikteta Franco, wasingemsikiliza waziri yeyote.

Halafu tazama siasa zao za karibuni. Chaguzi kuu nne kati ya Desemba 2015 na Novemba 2019. Jimbo la Catalonia linataka kujitenga. Waziri mkuu Rajoy anaangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani 2018. Ukimruhusu kila mwendesha mashtaka kumwita mfalme, vyama vitahamishia vita vyao mahakamani, na hakutabaki hata mtu mmoja aliye nje ya ugomvi.

Mwanzisha mada

Kaka, la 1981 nalipokea lote, na nadhani heshima aliyoipata usiku ule aliistahili. Ila heshima haigeuki msamaha wa kodi wa miaka thelathini.

Na hofu yako ya mahakama imeshajaribiwa. Iñaki Urdangarin, mkwe wa mfalme, alihukumiwa kwa ubadhirifu wa fedha za umma, na Juni 2018 akaingia gerezani kutumikia miaka mitano na miezi kumi. Binti mfalme Cristina alikaa kizimbani Palma mwaka 2016. Aliachiwa kwenye jinai, lakini akaamriwa kurudisha fedha alizonufaika nazo. Ufalme ulianguka? Haukuanguka. Kilichoudhoofisha ni yale ambayo hayakufika mahakamani.

Mchangiaji mwingine

Nyote wawili mnabishania paa wakati msingi haujaulizwa. Franco ndiye aliyemteua Juan Carlos kuwa mrithi wake, mwaka 1969. Katika kura ya maoni ya 1978 watu walipigia katiba nzima kwa pamoja: ukitaka demokrasia, unachukua na mfalme. Adolfo Suárez, waziri mkuu wa wakati huo, alikiri baadaye kwenye mahojiano kwamba kura kuhusu ufalme peke yake haikuitishwa kwa sababu utafiti ulionyesha wangeshindwa. Na mwaka 2015 taasisi ya serikali ya kupima maoni iliacha kuwauliza wananchi imani yao kwa ufalme. Mimi nasema waulizwe kwanza. Kinga itajadiliwa kama mfalme atakuwepo.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza Ubelgiji. Albert wa Pili alipokuwa mfalme hakuna aliyeweza kumfungulia kesi ya kumtambua mtoto wa nje. Aling'atuka 2013, binti akaenda mahakamani, vipimo vya DNA vikaamriwa, na 2020 akakiri. Miaka yote ile yule binti alisubiri kwa sababu baba ana taji.

Mwanzisha mada

Dada, hoja yako ya kura siipingi, ni haki yao. Tatizo ni kwamba njia ni ileile, kwako na kwangu. Sehemu ya katiba inayohusu ufalme haiguswi bila theluthi mbili ya mabunge yote mawili, bunge livunjwe, uchaguzi ufanyike, theluthi mbili tena, kisha kura ya maoni. Hakuna waziri mkuu anayevunja bunge lake kwa hiari kwa ajili ya hili. Pedro Sánchez, akiwa waziri mkuu, aliwahi kusema kinga hiyo iangaliwe upya, na ikaishia hapo.

Felipe alitangaza mali zake Aprili 2022, kama euro milioni 2.57, na serikali ikatoa amri hesabu za nyumba yake zikaguliwe na ofisi ya ukaguzi ya taifa. Nampongeza. Lakini amri ya serikali hufutwa na amri nyingine, na ibara ya 56 iko palepale. Leonor, binti wa Felipe na mrithi wa kiti, aliapa kuilinda Katiba hiyo Oktoba 2023, alipotimiza miaka 18, na siku akiwa malkia kinga yake itakuwa ileile ya babu yake.

Kwa hiyo kaka unayetetea kinga nzima, nijibu hili bila kurudi 1981: kumtoza mfalme kodi ya akaunti yake ya siri kunamzuia kufanya kazi gani ya ufalme?