Tajiri yangu ameniandikia "Woof". Ana maana gani?

Soja_Mpole
Habari za usiku wakuu. Mimi ni soja, yaani mlinzi, kwenye nyumba moja huku Nyali, Mombasa. Tajiri yangu ni Mwingereza na kwa sasa yuko kwao. Jana usiku kaniletea ujumbe wa neno moja tu: Woof. Nimetafuta kwenye simu naambiwa ni mlio wa mbwa. Mtu mzima kukuandikia mlio wa mbwa si matusi hayo? Sijamjibu na usingizi sipati.

Mwalimu_Mstaafu
Kijana, usiwe na pupa. Kubweka kwa Kiingereza ni bark, neno ambalo pia lina maana ya gome la mti. Woof ni ule mlio wenyewe, kama sisi tunavyomwambia mtoto kuwa paka analia nyau. Wafumaji nao wana woof yao, zile nyuzi zinazokatiza upana wa kitambaa, lakini hilo ni neno jingine lenye asili yake. Yamekutana tahajia tu. Tusi halimo.

FundiWufa_Kongowea
Nami niongeze. Hizi wufa zinazotutetemesha kwenye matatu za Kisauni, jina limetoka hapo hapo. Spika ya sauti nzito iliitwa woofer kwa mlio wa mbwa, na ile ndogo ya sauti nyembamba ikaitwa tweeter kwa mlio wa ndege. Nina za inchi 12 dukani, bei ya kuelewana.

Mama_Swafia
Fundi, mwenzako hajalala, wewe wauza spika! Mwanangu, kabla ya hilo neno wewe ulimwandikia nini? Halikujia hewani.

Soja_Mpole
Nilimtumia picha ya mbwa wake. Ndipo akajibu hivyo.

Pilipili_Kichaa
Basi kakusalimia kwa niaba ya mbwa, wenye mbwa ndio mtindo wao. Pia huiandika wakisikia jambo zito, kama sisi tunavyosema "weh!" Na wapo wanaoiweka chini ya picha ya mwanamume aliyewavutia, kwa hiyo shukuru hukutuma yako.

Ustadh_wa_Mtaa
Mimi nauliza kazi hiyo ya mbwa ya nini. Mate yake yakigusa chombo, kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Tafuta riziki nyingine.

Mama_Swafia
Ustadh, mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, na yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Soja, picha hiyo ni ya lini?

Soja_Mpole
Ya zamani kidogo.

Mama_Swafia
Ya zamani kwa nini?

Soja_Mpole
Haya, nasema. Mbwa hayupo. Juma lililopita nyumba ya pili walipiga fataki za harusi, akaruka ukuta. Nimemtafuta mpaka Mkomani, na ufuoni maji yakipwa, wapi. Na hilo neno lilikuwa na alama ya kuuliza: Woof? Kila jioni nilizoea kumrekodi akibweka namtumia tajiri kwa wasapu. Siku hizi natuma picha tu. Lakini msinihukumu, nishapata njia. Kuna bwana Bombolulu ana mbwa wa rangi ile ile ya mchanga, nimeshamwachia elfu tatu. Tofauti ni sikio tu, na tajiri harudi karibuni.

Pilipili_Kichaa
Kumbe! "Woof?" ndiyo "mbona simsikii?" Huyo mtu keshashuku.

Mwalimu_Mstaafu
Na kama mbwa huyo alitoka Uingereza, ana chipu chini ya ngozi, baina ya mabega. Kule ni lazima kisheria tangu 2016. Daktari wa mifugo akipitisha kifaa, namba inasomeka. Huyo wa Bombolulu atasomeka nini?

Soja_Mpole
Nani atampima? Nina watoto, mwalimu. Kazi ikiisha nyinyi mtanilipia kodi?

Mlikoni_Halisi
Hii ni hekaya. Mwezi jana huyu huyu aliuliza bei ya kukodi tuktuk, leo ni soja. Na kuta za Nyali zina waya wa stima juu, mbwa karuka vipi?

Pilipili_Kichaa
Aisee. Na mimi nimemwaga Kiingereza changu chote bure?

Soja_Mpole
Tuktuk ilikuwa ya ndugu yangu. Waya uko mbele tu. Nyuma kuna vigae vya chupa vilivyopachikwa kwenye saruji, na mti wa mkungu umeinamia ukuta. Alipanda hapo. Manyoya yake bado yamenasa kwenye kigae cha kijani, na tone la damu limekaukia chini yake. Sijafuta. Naweza kutunga na hilo?

Mlikoni_Halisi
Damu hukuitaja mwanzo. Bado sijaamini.

Mama_Swafia
Damu! Mbwa wa watu ameumia, nawe wanunua mwingine? Mpigie tajiri sasa hivi. Na umwombe arekodi sauti yake akimwita, maana wewe anakujua kwa chakula, yule anamjua kwa kulelewa.

Soja_Mpole
Nimepiga. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza mguu gani. Sauti ameituma. Kasema mambo ya kazi tutazungumza akirudi.

FundiWufa_Kongowea
Alfajiri kabla magari hayajaanza kelele, njoo sokoni na hiyo tuktuk ya nduguyo. Nitakupa spika na betri, silipishi.

Mwalimu_Mstaafu
Ukimwona, usimshike kwa mikono mitupu. Mwenye jeraha huuma hata amjuaye. Akikuuma, osha kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama alichanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Soja_Mpole
Sawa mwalimu. Fundi, saa kumi na moja niko hapo. Na kama kuna mtu wa Bombolulu humu, anisaidie kurudishiwa ile elfu tatu.