SOMME ya Excel inaacha michango ya bamama wengine, munisaidie mbele ya Jumamosi

Sekretere_Birere
Mambo bandugu, bayaya wa mahesabu muko wapi. Niko nashika mahesabu ya mutwalite (kikundi cha kusaidiana) moja ya bamama wenye banauzishaka mu Birere, hapa Goma, ni bamama 60, kila mutu anatoa sawa anaweza. Mu daftari ya trezoriere mwezi huu ni 1 325 000 franga, tulihesabu na kalkilatrise tukarudilia, ni ile ile. Lakini mu Excel =SOMME(E2:E61) iko inanipatia 1210025. Majina yote iko, hakuna mustari yenye ilisahaulika, nimeangalia moja moja na daftari pembeni. Nikajaribu kuandika E2+E3+E4 vile vile mpaka mwisho, pale inakataa kabisa, inaleta #VALEUR!. Bamama wengi walilipa mukononi, wengine kwa telefone, na hizo za telefone nilizikopia ku raporo yenye ajenti alinituma. Mashini ni okaze (ilishatumikaka), Excel yake iko mu Kifaransa. Jumamosi tuko na mukutano, na kama tablo na daftari haviambatane bataanza kusema trezoriere amekula makuta, kumbe ule mama ni mutu wa haki sana. Shida iko wapi?

Kijana_Ndosho
Chagua kolone yote, klike ya kuume, weka formati Nombre, itaenda.

Kontable_Himbi
Hapana leki, formati inabadilishaka sura tu. Selile yenye iko na maandishi itabaki maandishi hata uipake Nombre kutoka asubui mpaka magaribi.

Sekretere, fomula yako usiiguse, haina kosa. SOMME iko na tabia moja ya hatari kwa mutu wa kese: ikikuta maandishi ndani ya kolone haisemi kitu, inaruka, inaendelea na zingine, na wewe unapata total yenye inafanana na ya kweli. Ile + yako ni afazali juu ilipiga kelele. Yenyewe inajaribu kugeuza maandishi kuwa nambari, ikishindwa inaleta #VALEUR!, kwa hiyo najua tayari mu kolone yako kuna angalau selile moja yenye haisomeki kama nambari.

Andika pembeni =NBVAL(E2:E61) kisha chini yake =NB(E2:E61). Ya kwanza inahesabu selile zote zenye ziko na kitu, ya pili zile zenye ziko na nambari ya kweli tu. Zikiachana, basi kuna selile zenye ziko na maandishi. Kisha mu F2 weka =ESTNUM(E2), vuta mpaka chini, penye itaandika FAUX (si nambari) njo pale mchango wa mama umeachwa inje. Watu wanasemaka angalia zenye zimelalia kushoto, ni kweli maandishi inalalia kushoto, lakini ukishaweka kolone yote katikati ile alama imepotea, mimi siitegemee.

Na kuna kitu ingine yenye inanisumbua mu nambari yako, ile 25 ya mwisho. Nani analipa mchango wa franga 25? Kama michango yote inaishia na 500 ao 000, ile 25 haitoke ku maandishi, inatoka ku selile zenye Excel inaona ni nambari safi lakini si nambari yenye ulifikiri. ESTNUM itakuambia VRAI (ni nambari), haitakusaidia pale. Jaribu =NB.SI(E2:E61;"<500"), inahesabu selile zenye nambari yake iko chini ya 500.

Sekretere_Birere
Aksanti sana mukubwa. NBVAL ni 60, NB ni 57. FAUX iko tatu: moja imeandikwa 25000FC, na mbili za telefone, 40 000 na 25 000. Hizo za telefone nilipitisha SUPPRESPACE, bado FAUX. Na NB.SI yenyewe haikubali hata kuingia, inasema kuna shida na fomula.

Fundi_Katindo
NB.SI inakataa juu ya ile pwevirgile (;). Excel yako inasema Kifaransa lakini Windows yako imepangwa Kiingereza, tunaonaka hivyo kila siku ku mashini za okaze. Majina ya fomula inafuata lugha ya Excel, lakini alama ya kutenganisha ndani ya mabano inafuata Windows. Weka virgile (,) yaani =NB.SI(E2:E61,"<500"), utaona itakuletea 2.

Najua ni 2 juu ni jambo moja na ile 25. Mu Windows ya Kiingereza nukta ni ya desimali. Sisi hapa mutu akiandika 12.500 anamaanisha elfu kumi na mbili na mia tano, mashini yako inasoma kumi na mbili na nusu, inaficha zile sifuri mbili, inaonyesha 12.5. Mara mbili ni 25. Kwa hiyo pale umepoteza 24 975, na zile FAUX tatu ni 90 000, pamoja 114 975. Toa 1 210 025 ku 1 325 000 uone. Trezoriere wenu hajakula hata franga moja.

Sasa kutengeneza. 25000FC, futa FC, basi. Zile 12.5 andika tena 12500 bila nukta. Usifikiri ukigeuza Windows kuwa Kifaransa zitajirekebisha, zitaonekana 12,5 na zitabaki kumi na mbili na nusu. Za telefone njo za ujanja: SUPPRESPACE inaondoaka espase za mwanzo, za mwisho na zenye zimerudiliwa, ile moja ya katikati inaiacha. Tena ile espase mara mingi si ya klaviye. Andika =UNICODE(STXT(E14,3,1)), kama E14 njo ya 40 000, itakupatia nambari ya ile alama ya tatu, njo espase yenyewe. Ikileta 32 ni espase ya kawaida, ikileta 160 ao 8239 ni zile zenye haziachanishwe, raporo za kompyuta zinazipenda. Kwa 160 ni =CNUM(SUBSTITUE(E14,CAR(160),"")), kwa 8239 weka UNICAR(8239) pahali pa CAR(160). Kisha kopia jibu, Collage spécial, Valeurs, juu ya selile yake.

Sekretere_Birere
Imeleta 160! Na NB.SI ni 2 kweli, E9 na E47, mu daftari zimeandikwa 12.500 na nukta yake. Sasa total ni 1325000 kamili. Mungu abariki mikono yenu, nimetumia trezoriere foto saa hii hii. Neno moja tena: mwezi unaokuja bamama wengine wanataka kulipa na dola, niziweke mu kolone ile ile?

Kontable_Himbi
Kolone ile ile hapana, mama wa dola 10 ataonekana ametoa franga 10 na SOMME itakubali bila swali. Fanya kolone mbili, E ya franga, F ya dola, kila moja na SOMME yake, na kama mutapenda total moja weka tauxi ya dola ya ile siku mu selile yake peke, penye kila mutu anaiona, usiifiche ndani ya fomula.

Ku E pitia Données, Validation des données, chagua Nombre entier, angalau 500. Pale hata 25000FC hata 12.5 itakataliwa mbele ya kuingia. Kama mutu anataka kuona FC, iwe mu formati: #,##0 "FC", selile inabaki nambari. Lakini validation inaangalia tu kile unapiga na vidole, ukikopia na kubandika haisemi kitu. Kwa hiyo zile za ajenti wa telefone uzipige mwenyewe, ama ukishabandika rudisha NB na NBVAL uziangalie tena.