Leza ya 3 kW inaacha slagi upande mmoja wa pleti ya mm 10. Tuongeze nguvu?

MkataPleti: Wakuu, habari za kazi. Tuna leza ya faiba ya 3 kW. Tunakata maild stili (chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo) ya mm 10 kwa oksijeni, vitako vya nguzo vyenye matundu manne ya mm 8. Ukingo wa kulia unatoka laini, wa kushoto unaganda slagi (masalia ya chuma kilichoyeyuka) mpaka tushike grainda. Spidi ni mita 1 kwa dakika, oksijeni bar 0.7, nozeli (mdomo wa kutolea gesi na mwale) ya tabaka mbili, fokasi (mahali mwale unapokusanyika) +3, yaani mm 3 juu ya uso wa pleti. Matundu nayo yanatoka yameungua. Halafu stenlesi ya mm 2 kwa naitrojeni inabaki na ukingo wa njano. Mwenzangu anataka tupandishe nguvu. Ni sahihi?

Nozeli_Kavu: Nguvu iacheni kama ilivyo, namba zenu hazina tatizo. Slagi ikikaa upande mmoja tu, mara nyingi mwale haupiti katikati ya nozeli.

Kwenye maild stili leza haikati peke yake. Inapasha chuma mpaka kiwake, kisha oksijeni inakichoma, na joto la kuungua huko linabeba sehemu kubwa ya kazi. Ndivyo Peter Houldcroft alivyokata bati la mm 1 kule Uingereza mwaka 1967, akiwa na leza ya wati 300 tu. Kwa hiyo gesi lazima iuzunguke mwale sawasawa. Mwale ukihama kidogo tu, upande mmoja unashiba oksijeni na mwingine unakosa.

Pima hivi: funga gesi, bandika selotepu ya karatasi kwenye mdomo wa nozeli, ibonyeze kwa kidole mpaka duara la mdomo lichoreke. Ondoa mkono, piga mpigo mmoja wa nguvu ndogo, bandua, angalia. Kidoa cheusi kikae katikati ya duara. Kikiegemea upande, rekebisha kwa skrubu za kichwa kisha rudia. Kidoa kikiwa na mkia au ukungu pembeni, shuku kioo cha kinga, kile kinachokinga lenzi. Na mdomo wa nozeli ukiwa umegongwa au umelika, badilisha. Usiupige tupa, hautarudi kuwa duara.

Cheche: Naongezea la matundu. Tundu la mm 8 kwenye pleti ya mm 10 ni dogo kuliko unene, na kwa oksijeni hapo ndipo shida inapoanzia. Joto halina pa kukimbilia, chuma kinaendelea kuungua chenyewe hata mwale ukishapita. Anzeni kutoboa katikati ya tundu, tumieni mipigo badala ya mwale mfululizo, na punguzeni spidi. Likikataa, leza iweke alama ya kitovu tu, tundu litobolewe kwa drili. Kazi ya boliti haitaki ubishi.

Mkiwa mnakata, tazameni cheche chini ya meza kupitia dirisha la mashine. Zikidondoka wima, spidi ni sawa. Zikilala kwenda nyuma, mnakimbia mno.

Baridi14: Njano ya stenlesi ni oksijeni iliyoingia kwenye naitrojeni. Kama gesi zote mbili zinapita bomba moja, puliza naitrojeni sekunde kadhaa kabla ya kukata. Kagua viungio kwa maji ya sabuni, na muulize muuza gesi usafi wa mtungi. Shinikizo liwe bar 12 hadi 16, maana naitrojeni haichomi chochote, kazi yake ni kusukuma chuma kilichoyeyuka kitoke. Fokasi izame ndani ya bati, yaani hasi.

MkataPleti: Asanteni sana. Bosi anauliza, kwa mm 10 si bora plasma tu (kukata kwa gesi ya moto mkali inayopitisha umeme)?

Baridi14: Kwa pleti nene isiyodai vipimo, plasma inatosha na mashine yake ni nafuu. Ila ufa wake, yaani nafasi inayoachwa na mkato, ni mpana na ukingo unalala kidogo. Ufa wa leza hapo haufiki hata mm 1, ukingo unasimama wima, na vipande vinapangwa karibu karibu, mabaki yanapungua. Kwenye bati za mm 1 hadi 3 leza haina mpinzani.

Cheche: Jambo moja tafadhali: mpigo wa selotepu upigwe mlango wa mashine ukiwa umefungwa. Mwale wa faiba hauonekani kwa macho, unapita moja kwa moja hadi kwenye retina, na miwani ya kuchomelea si kinga yake.